Miaka 120 ya Reli ya Kisangani–Ubundu

Tarehe 1 Septemba 1906 reli yenye urefu wa kilomita 125 ilifunguliwa kati ya Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani, na Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu. Mwaka 2026 reli hiyo inatimiza miaka 120. Imepita mikononi mwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, Jamhuri changa, Zaire, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wenye reli walibadilika na majina ya vituo yakabadilika, lakini njia yenyewe imebaki palepale ilipolazwa, ukingo wa kushoto wa Mto Kongo, chini ya miti.

Sisi wa Mangobo hatukuwahi kuwa na stesheni. Komini yetu iko ukingo wa kulia, upande mmoja na Makiso, Tshopo, Kabondo na komini ya Kisangani. Reli inaanzia ng'ambo, Lubunga, na hadi leo hakuna daraja linaloiunganisha Lubunga na sehemu nyingine za mji. Msafiri wa Ubundu huanza safari yake kwa kuvuka maji. Hata hivyo historia ya reli hii ni ya mji mzima. Mpunga, mihogo, mawese na samaki wa kutoka juu haviliwi Lubunga peke yake. Huvuka mto na kuingia masokoni mwetu. Mji wa ukingo wa kulia umelishwa kwa sehemu na ukingo wa kushoto, na kwa miaka mingi lililobeba mzigo huo lilikuwa garimoshi la kuni.

Kuna jambo moja la kushikwa tangu mwanzo. Reli hii haikujengwa kwa fahari. Ilijengwa kwa sababu mto haupitiki kati ya Ubundu na Kisangani. Sababu hiyo haijaondoka, kwa hiyo hadithi ya reli hii si ya kitu kilichokwisha kazi yake.

Mto uliokataa meli

Kutoka Kinshasa hadi Kisangani meli hupanda Mto Kongo kwa takriban kilomita 1,700 bila kizuizi. Hapo safari inakoma. Maporomoko ya Boyoma, ambayo wakoloni waliyaita Stanley Falls, ni ngazi saba za maji zilizotawanyika kwa karibu kilomita 100, na mto hushuka mita zipatazo 60 kati ya ngazi ya kwanza na ya mwisho. Ngazi ya mwisho iko mlangoni mwa mji, pale Wagenia wanaposimika miti mikubwa katikati ya mkondo na kuning'iniza mitego yao ya samaki. Juu ya maporomoko, kuanzia Ubundu, mto hutulia tena na kupitika kwa takriban kilomita 300 hadi Kindu.

Kiswahili tunachokisema Kisangani kilishuka kwa njia hiyohiyo ya juu. Kilikuja na misafara ya mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kama Tippu Tip, na wafuasi wake kutoka Maniema walioitwa Waungwana. Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls. Mwaka 1890 aliondoka kurudi pwani, na akafariki Zanzibar mwaka 1905, mwaka mmoja kabla ya reli kufunguliwa. Katika zama zake mizigo ilivuka maporomoko kwa vichwa vya watu, au kwa mitumbwi iliyoongozwa na mabingwa wa Kigenia, waliojua kila jiwe na kila mzunguko wa maji.

Ukipiga hesabu utaona uzito wa jambo hilo. Mpagazi hubeba kama kilo 25. Shehena ya tani 10, inayotosha behewa moja dogo, ilihitaji wapagazi 400, pamoja na chakula chao, walinzi wao, na siku kadhaa za kutembea msituni. Biashara yoyote kubwa kati ya mto wa chini na mto wa juu ilikwama kwenye kizingiti hicho.

Kampuni ya baroni

Tarehe 4 Januari 1902 iliundwa Ubelgiji kampuni iliyopewa jina refu: Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains. Watu waliiita CFL. Nyuma yake alikuwa Baroni Édouard Empain, mwenye benki na mjenzi wa reli ambaye kundi lake lilijenga treni ya chini ya ardhi ya Paris, iliyoanza kazi mwaka 1900, na ambaye baadaye alijenga kitongoji kizima cha Heliopolis jangwani karibu na Cairo. Stanleyville ikaingia katika daftari moja na Paris na Cairo.

Nia ya kwanza ilikuwa kupeleka reli kutoka Stanleyville hadi Ziwa Albert, ili Kongo iunganishwe na Nile. Wapimaji waliuona msitu, wakapiga gharama, na mpango ukageuzwa. Badala ya kukata nchi kuelekea mashariki, kampuni iliamua kuufuata mto na kujenga reli pale tu mto ulipokataa meli. Penye maji tulivu ingepita meli, na penye maporomoko lingepita garimoshi. Uamuzi huo ndio uliozaa reli yetu, na ndio uliofanya iwe fupi.

Ujenzi ulianza mwaka 1903. Ulifanyika chini ya Dola Huru ya Kongo, utawala uliojulikana ulimwenguni kwa mpira wa damu na kazi za kulazimishwa, hata Leopold akalazimika kuikabidhi nchi kwa Ubelgiji tarehe 15 Novemba 1908. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Brussels ilihesabu faranga na kilomita. Wanaume wa nchi hii walikata miti mikubwa ya msitu wa ikweta kwa shoka, wakachimba udongo mwekundu, wakabeba vyuma mabegani, katika joto na mvua inayozidi milimita 1,700 kwa mwaka. Daftari la kampuni lilihifadhi jina la baroni. Hata kituo cha mwisho kilipewa jina la Pierre Ponthier, afisa wa Leopold aliyekufa mwaka 1893 katika vita dhidi ya Waarabu na Waungwana wa Maniema. Waliolaza reli hawakuandikiwa hata kibao. Yeyote anayeadhimisha tarehe 1 Septemba 1906 aanze na wao.

Vyuma navyo vilikuwa na safari yao. Kila reli, kila gurudumu na kila bomba lilitoka Ulaya kwa meli hadi Matadi. Pale lilipandishwa kwenye reli ya Matadi hadi Kinshasa, iliyokamilika mwaka 1898. Reli hiyo ilikuwa nyembamba, upana wake ukiwa milimita 765 tu, ilhali reli ya Stanleyville ilipangwa kuwa na upana wa mita moja. Kwa hiyo kichwa cha treni kilichokusudiwa kwetu hakikuweza kwenda Kinshasa kwa magurudumu yake mwenyewe. Kilisafiri kama shehena, vipande vipande, kisha kikapakiwa kwenye meli ya mto kwa kilomita 1,700 nyingine, na kuunganishwa upya ukingo wa kushoto. Mafundi wa hapa waliijua mashine yao kutoka ndani kabla haijawahi kusogea.

Mashine ya kuni na maji

Kichwa cha treni cha mvuke kinahitaji vitu viwili, moto na maji, na msitu wetu ulikuwa navyo vyote. Reli nyingi za Ulaya zilitumia makaa ya mawe. Reli ya Stanleyville ilichoma kuni. Kando ya njia kulikuwa na malundo ya magogo yaliyokatwa kwa kipimo, yakiingoja treni. Kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban nusu ya joto la kilo moja ya makaa mazuri ya mawe, na kuni mbichi hutoa pungufu zaidi. Ndiyo maana mashine ilisimama mara kwa mara kupakia, na mchochea moto hakupata nafasi ya kukaa. Alisimama mbele ya tanuri safari nzima, akirusha gogo baada ya gogo, huku akiangalia kipimo cha mvuke na kipimo cha maji kwa jicho moja.

Ndani ya mashine kazi ilikwenda hivi. Moshi na joto la tanuri hupita katika mabomba yaliyozungukwa na maji. Maji yanachemka, na yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600 kuliko yalipokuwa maji. Yakibanwa ndani ya chungu cha chuma, hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu. Dereva anapofungua valvu, mvuke huingia kwenye silinda na kuisukuma pistoni, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, na vyuma virefu vilivyofungwa kwenye magurudumu hugeuza msukumo huo kuwa mzunguko. Mvuke uliokwisha kazi hutupwa juu kupitia dohani. Ukitoka hivyo huvuta hewa mpya kuingia tanurini, moto ukazidi kuwaka. Kadiri mashine inavyovuta mzigo mzito, ndivyo inavyojipulizia moto wake yenyewe. Sauti ile ya kuhema ambayo watoto wote waliojua garimoshi wanaweza kuiiga ndiyo pumzi ya mfumo huo.

Kuni zina hatari yake. Hurusha cheche nyingi, na cheche huanguka juu ya mabehewa, juu ya nguo za abiria na juu ya paa za majani. Msitu nao una hatari yake. Majani na mvua huifanya reli iteleze, na magurudumu huzunguka bila kwenda. Ndipo dereva humwaga mchanga mkavu mbele ya magurudumu ili yashike. Maji machafu huacha ukoko ndani ya chungu, na chungu kisiposafishwa huharibika, na chungu cha mvuke kilichoharibika huua. Kazi hizo zote zilikuwa za kila siku. Dereva, mchochea moto, mafundi wa karakana, wakata kuni, na magenge ya njia waliofyeka magugu na kubadilisha mataruma yaliyooza chini ya kapita, msimamizi wao, hao ndio waliokuwa reli. Mmoja akilegea, treni haifiki.

Abiria wa safari hiyo alivuka ikweta bila kushuka behewani. Kisangani iko kaskazini kidogo ya mstari huo, Ubundu iko kusini kidogo. Kati yake hakuna bahari wala jangwa, ni msitu mtupu, vijito na vijiji vilivyozaliwa kandokando ya njia.

Kiungo katika mnyororo

Peke yake, kilomita 125 hazifiki mbali. Nguvu ya reli hii ilikuwa katika vitu ilivyoviunganisha. CFL iliendelea kupanda na mto. Mwishoni mwa mwaka 1910 ilikamilisha reli ya pili, kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, kuyapita maporomoko mengine. Kutoka Kongolo meli zilipanda tena hadi Bukama, ambako reli ya Katanga ilifika mwaka 1918. Mtu aliyetoka bahari ya Atlantiki kwenda Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, aliweza kupanda treni, meli, treni, meli, treni, meli, na treni tena. Sisi tulikuwa kiungo cha tatu cha mnyororo huo.

Mwaka 1915 mkono wa mashariki ukakamilika: kilomita 273 kutoka Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza, na reli za CFL zikawa njia ya majeshi na silaha kwenda mashariki. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo ya Kibelgiji waliingia Tabora. Vita vilipokwisha, mnyororo uliobaki ulikuwa wa aina yake. Kutoka Kisangani mtu aliweza kufika Bahari ya Hindi kwa treni na meli tu. Njia ya karne iliyotangulia, ya pembe za ndovu na watumwa, sasa ilikuwa na ratiba na tiketi.

Upana wa mita moja nao ulituweka katika ukoo mmoja na majirani. Ndio upana wa reli iliyojengwa na Waingereza kutoka Mombasa na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, na ndio upana wa Reli ya Kati ya Tanganyika. Fundi wa Nairobi au wa Tabora angefika Lubunga asingeona kigeni katika njia ile.

Shaba ilipopata njia nyingine

Kilele hakikudumu. Mwaka 1928 ilikamilika reli kutoka Bukama hadi Port-Francqui, Ilebo ya sasa, kwenye Mto Kasai. Shaba ya Katanga iliweza sasa kwenda Kinshasa moja kwa moja kupitia Kasai, bila kupita Kongolo, Kindu, Ubundu wala Kisangani. Mwaka 1931 ikaongezeka njia ya Lobito, kupitia Angola. Katika muda wa miaka mitatu reli yetu iliacha kuwa sehemu ya barabara kuu ya nchi, ikawa reli ya mkoa.

Hapo ndipo ilipokuja kuwa yetu hasa. Ilibaki na watu wa njia yake na mazao ya njia yake. Reli ndogo ya mkoa haiishi kwa shehena kubwa ya mgeni. Huishi kwa mama mwenye magunia mawili, mwalimu anayekwenda kituo chake, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya mjini. CFL ilijenga makubwa sehemu nyingine: mwaka 1939 iliunganisha Kongolo na Kabalo kwa reli na daraja juu ya Lualaba, yaani mto uleule wa juu, na mwaka 1955 ilipanua njia zake za kusini kutoka mita moja hadi milimita 1,067, ili zishikane na reli ya Katanga mwaka uliofuata. Njia ya Stanleyville–Ponthierville haikuguswa. Ilibaki na mita yake moja, imezungukwa na msitu, bila reli nyingine ya kuazima hata gurudumu. Kaskazini, reli ya Vicicongo ya Aketi ilikuwa na upana wa milimita 600, nayo isingeweza kuisaidia. Tangu hapo uhai wa reli ulikuwa mikononi mwa karakana yake. Kilichovunjika kilitengenezwa hapahapa.

Mwaka 1951 ulimwengu uliutazama msitu huu kwa muda mfupi. Mwongozaji John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu ya The African Queen, na kambi yao ilikuwa Biondo, kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville. Duniani kote watu waliona mto na miti yetu. Garimoshi lililokuwa likipita jirani liliendelea na kazi yake.

Uhuru, vita, na mabehewa ya 1997

Uhuru wa 1960 ulikuta reli ikifanya kazi, lakini miaka iliyofuata iliujeruhi mji. Waasi wa Simba waliingia Stanleyville tarehe 5 Agosti 1964, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka. Mwaka 1974 CFL iliunganishwa na reli nyingine za nchi kuwa shirika moja la taifa, SNCZ, ambalo baada ya 1997 likawa SNCC. Makao makuu yakawa Lubumbashi, na kilomita 125 za msituni, zisizogusana na njia nyingine yoyote ya shirika hilo, zikawa mbali na mkono wa mwenye mali. Mvuke nao ukayaachia nafasi mafuta ya dizeli.

Ukurasa mgumu kuliko yote ni wa mwaka 1997. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, waliokuwa wametembea kutoka Kivu kupitia msituni, walifika Ubundu na kupiga kambi kandokando ya reli, Kasese na Biaro miongoni mwa mahali pengine. Mwezi wa Aprili kambi hizo zilishambuliwa, na watu wengi mno waliuawa. Treni ileile ilitumiwa baadaye kuwatoa walionusurika. Tarehe 4 Mei watu walijazana katika mabehewa yaliyotoka Biaro kupita kiasi, na 91 wakafa kwa kubanwa na kukosa hewa kabla ya kufika. Historia ya taasisi hii haiwezi kusimuliwa bila hao. Wanastahili jiwe la kumbukumbu kwenye njia hii, na wanastahili kutajwa kila mwaka.

Vita vilivyofuata viliifunga njia kwa vipindi virefu, na mpaka leo treni imekuwa ya nadra. Baiskeli zilichukua kazi yake. Mji uliozaa toleka, teksi za baiskeli, unajua kusukuma magurudumu mawili mahali ambapo magurudumu makubwa yameshindwa. Lakini hesabu ya wapagazi inarudi hapa kwa ukali: mwanamume anayesukuma baiskeli yenye kilo 100 kwa kilomita 125 anafanya kazi ambayo garimoshi la kuni lilikuwa limemwondolea babu yake.

Tunachodaiwa

Maadhimisho ya miaka 120 yanatutaka mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kumbukumbu za watu. Katika familia za Lubunga, za Ubundu, na za komini zetu za ukingo wa kulia bado wapo wazee waliofanya kazi njiani, au watoto wa waliochochea moto. Chuo Kikuu cha Kisangani kina idara na wanafunzi. Wawatafute, wawarekodi kwa Kiswahili na Kilingala, waandike majina ya magenge, ya makapita na ya madereva. Daftari la baroni tunalo. La wafanyakazi halijaandikwa.

La pili ni vyuma. Kila chungu cha mvuke, kila gurudumu na kila kibao cha kiwandani kilichobaki kwenye njia kihesabiwe na kilindwe kisiuzwe kama chuma chakavu. Nairobi ina jumba la makumbusho ya reli, na Bulawayo, Zimbabwe, vilevile. Kisangani ina haki ya kuwa na lake, Lubunga, mahali kazi ilipofanyika.

La tatu ndilo kubwa: treni iende. Maporomoko saba hayajapungua. Meli ya Kinshasa bado inaishia kwetu, na mto wa Kindu bado unaanzia Ubundu. Mkulima aliye kilomita 80 msituni bado ana mpunga, na Mangobo bado inanunua chakula kila siku. Waliojenga kwa shoka walimaliza kilomita 125 katika miaka isiyofika minne, bila hiari yao na kwa faida ya wengine. Kizazi huru, chenye mashine na wahandisi wake, kinaweza kuifufua kwa hiari na kwa faida yake chenyewe. Wenye madaraka wa mkoa wa Tshopo na wa SNCC waitangaze tarehe, waitengee fedha, na sisi wananchi tuwadai ratiba.